Kubadili vichwa vya habari mtandaoni: maneno ya mtafutaji na mipaka yake

Kichwa cha ukurasa wa intaneti ni yale maneno machache ambayo mtu huyaona katika orodha ya majibu ya Google kabla hajaifungua habari yenyewe. Si lazima yafanane na kichwa kikubwa kilichoandikwa juu ya habari. Ni alama ya peke yake ndani ya msimbo wa ukurasa, tena ni miongoni mwa alama kongwe zaidi: ilikuwamo katika orodha ya mwanzo ya alama za HTML iliyotolewa na Tim Berners-Lee mwaka 1991. Mhariri aweza kuibadili bila kugusa hata neno moja la habari. Ndiyo maana vyumba vya habari huikimbilia kila ukurasa unapoonekana na watafutaji wengi lakini ukafunguliwa na wachache.

Kwa msomaji wa Kiswahili nchini Rwanda jambo hili lina uzito wa pekee. Bunge lilipitisha Februari 2017 sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, lakini wanaokitumia kama lugha ya nyumbani na ya sokoni wangali wachache. Habari iliyoandikwa Kigali kwa ajili ya mkazi wa Nyamirambo au Biryogo hukaa katika orodha moja na habari za Dar es Salaam, Nairobi na Bonn, ambako Kiswahili huandikwa kila saa. Katika orodha hiyo habari haina sauti ya mtangazaji wala picha ya kuisaidia. Ina kichwa chake tu, na chini yake mistari miwili ya maelezo.

Kinachopimwa

Kiwango cha ubofyaji ni hesabu nyepesi. Ukurasa ukionekana mara 1,000 katika majibu ya utafutaji na ukafunguliwa mara 20, kiwango chake ni asilimia 2. Chombo cha bure cha Google kiitwacho Search Console humwonyesha mwenye tovuti hesabu hiyo kwa kila ukurasa na kwa maneno yaliyotafutwa, pamoja na wastani wa nafasi ambayo ukurasa uliishika.

Nafasi ndiyo mtego wa kwanza. Kwa kawaida jibu la pili katika orodha hufunguliwa mara nyingi kuliko la tisa, hata kama kichwa cha hilo la tisa kimeandikwa kwa ustadi zaidi. Ukurasa ulio katika nafasi ya 40 hauna tatizo la kichwa. Karibu hakuna aliyeuona. Vinavyostahili kubadilishwa ni vichwa vya kurasa zilizo katika majibu kumi ya mwanzo, zinazoonekana kila siku, na ambazo hata hivyo watu huzipita kwenda kwa jirani.

Mtego wa pili ni uchache wa wasomaji. Kichwa kikibadilishwa, na mabofyo yakapanda kutoka 20 hadi 26 katika kila mara 1,000 za kuonekana, mhariri huwa na hamu ya kushangilia. Tofauti hiyo yaweza kuwa bahati tu. Uwiano uleule ukidumu katika mara 10,000, yaani mabofyo 200 yakawa 260, ndipo inapokuwa vigumu kuieleza kwa bahati. Lugha yenye wasomaji wachache haifiki idadi hiyo kwa siku mbili tatu. Kichwa kipya hupewa wiki kadhaa kabla ya kuhukumiwa.

Halafu kuna majira. Mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Ukurasa wowote uliotaja barabara zitakazofungwa wiki ile ulikuwa na kila sababu ya kufunguliwa, kichwa kizuri au kibaya. Anayelinganisha wiki hiyo na wiki iliyoifuata hupima mashindano, hapimi maneno yake. Kwa sababu hiyohiyo hubadilishwa jambo moja kwa wakati mmoja. Kichwa kikibadilika leo, maelezo ya chini yake hayaguswi, na anwani ya ukurasa huachwa kama ilivyo, kwa kuwa anwani ikibadilika bila maelekezo, viungo vyote vya zamani hufa.

Upana wa mstari

Google haikuweka kikomo cha herufi. Hukikata kichwa kulingana na upana wa kioo cha simu au kompyuta, na wahariri wengi hukadiria kwamba herufi 50 hadi 60 ndizo zitakazoonekana. Kwa Kiswahili kipimo hicho ni kigumu, maana kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati, mtendwa na urejeshi ndani ya neno moja. Neno kama “yatakayojadiliwa” peke yake hula herufi 16. Desturi ya zamani ya magazeti ya kuandika “yatangaza” badala ya “imetangaza” huokoa herufi moja tu, lakini huokoa, na msomaji ameizoea.

Kinachopoteza nafasi hasa ni vyeo na majina ya taasisi yanayotangulizwa kwa adabu. Tuchukue mfano wa kichwa ambacho mfasiri yeyote wa habari angeweza kukiandika wakati wa mlipuko wa Marburg: “Wizara ya Afya ya Jamhuri ya Rwanda Yatoa Taarifa Mpya Kuhusu Hali ya Ugonjwa wa Marburg Nchini”. Kina herufi 95 pamoja na nafasi. Neno “Marburg” linaanza kwenye herufi ya 82. Katika simu, msomaji ataona “Wizara ya Afya ya Jamhuri ya Rwanda Yatoa Taarifa Mpya”, kisha vitone vitatu. Ugonjwa wenyewe umekatwa. Kichwa kama “Marburg Rwanda: mlipuko watangazwa kumalizika” kina herufi 45, na kila kinachotafutwa kimo.

Mfano huo haukuchaguliwa kwa urahisi wake. Rwanda ilitangaza mlipuko wake wa kwanza wa Marburg tarehe 27 Septemba 2024, na ukatangazwa kumalizika tarehe 20 Desemba, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Watu 66 walithibitishwa kuambukizwa, 15 wakafariki, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 20 Januari 2025, Tanzania ilithibitisha mlipuko mwingine katika Mkoa wa Kagera, upande wa pili wa mpaka. Mtu aliyetafuta “Marburg” kwa Kiswahili wiki ile aliweza kukutana na kurasa za Oktoba zilizoandikwa “Visa vipya vya Marburg vyathibitishwa” bila nchi wala mwezi, akadhani Kigali imerudi katika hatari, au kinyume chake, akadhani habari za Kagera ni za zamani na zimekwisha. Hapo kubadili kichwa hakukuwa hila ya kuvuta mabofyo. Kuongeza “Rwanda” na “Oktoba 2024” katika vichwa vya kurasa za zamani ni sehemu ya kutoa habari sahihi, nayo ni kazi ambayo ofisi nyingi huisahau, kwa kuwa habari ikishachapishwa huhesabiwa kuwa imemalizika.

Ikumbukwe pia kwamba kichwa alichokiandika mhariri ni pendekezo. Agosti 2021 Google ilieleza kwamba imebadili namna inavyovitunga vichwa vinavyoonekana katika majibu, na mwezi uliofuata ikasema kwamba kichwa cha ukurasa hutumika katika takribani asilimia 87 ya majibu. Katika yaliyobaki, mtambo huokota maneno mengine: kichwa kikubwa kilicho juu ya habari, au maneno ya viungo kutoka kurasa nyingine. Hufanya hivyo kichwa kikiwa kirefu mno, kikiwa kitupu, au kikirudiwa katika kurasa nyingi. Mwaka 2022 iliongeza kwamba hufanya hivyo pia pale lugha ya kichwa isipolingana na lugha ya habari. Jambo hilo la mwisho linazihusu sana tovuti za lugha nne, ambazo kiolezo chake kilijengwa kwa Kiingereza na habari za Kiswahili zikapachikwa baadaye.

Kichwa cha redio na kichwa cha macho

Tovuti za redio zina udhaifu wao. Vichwa vyake vingi vilizaliwa studioni: “Taarifa ya Habari”, “Habari za Jioni”, “Makala ya Wiki”. Msikilizaji aliyefungua redio saa moja jioni anajua ni jioni gani. Mtambo wa kutafuta haujui. Hukuta mamia ya kurasa zenye jina moja, na hauna sababu ya kuupendelea hata mmoja. Tiba ni rahisi: jambo kuu la taarifa hiyo hutangulizwa, tarehe hufuata, na jina la kipindi huwekwa mwisho, mahali ambapo likikatwa halimdhuru mtu.

Hata hivyo sikio lisidharauliwe. Msikilizaji anayeambiwa “soma zaidi katika tovuti yetu” mara nyingi hakumbuki anwani. Huandika katika Google yale aliyoyasikia. Ikiwa mtangazaji alisema “mpox”, na kichwa kikaandikwa “homa ya nyani” peke yake, watu hao wawili hawatakutana kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani lilianza kutumia jina la mpox tarehe 28 Novemba 2022, lakini jina la zamani lingali vinywani mwa watu. Habari ya afya inayotaka kumfikia kila mtu huweka moja katika kichwa na la pili katika mstari wa kwanza wa maelezo.

Jina moja, nchi mbili

Ugumu mkubwa zaidi, na ambao mwongozo wowote ulioandikwa Ulaya au Marekani hautautaja, ni kwamba Kiswahili cha Kigali hutaja mahali na vitu ambavyo kwingineko vina jina jingine, au hutumia jina ambalo kwingineko lina maana nyingine.

Mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 yalipunguza wilaya za Rwanda kutoka 106 hadi 30, na majina ya miji mikubwa yakabadilika. Butare ikawa Huye, Ruhengeri ikawa Musanze, Gisenyi ikawa Rubavu, Cyangugu ikawa Rusizi, Kibungo ikawa Ngoma. Ndani ya nchi majina mapya yamezoeleka. Ng’ambo ya mpaka sivyo. Mchuuzi wa Goma anayevuka kila asubuhi huenda Gisenyi, na mkazi wa Bukavu aliyekulia huko hukumbuka Cyangugu. Habari kuhusu saa za kufunguliwa kwa mpaka yenye kichwa “Rubavu” peke yake humkosa mtu aliyeihitaji kuliko wote. “Mpaka wa Goma na Gisenyi (Rubavu)” humpata, wala haimkosei heshima msomaji wa Kigali. Rusizi nayo ina tatizo lake: ni wilaya, na ni mto ambao Wakongo huuandika Ruzizi. Mto Akagera wa Rwanda ndio Mto Kagera wa Watanzania.

Wilaya ya Ngoma inastahili neno la ziada. Kwa msomaji wa Tanzania, “ngoma mpya” ni wimbo uliotoka wiki hii. Kichwa kisemacho “Ngoma yapata soko jipya” kitawaletea habari za mazao watu waliokuja kutafuta muziki. Watafunga ukurasa mara moja, na aliyehitaji bei ya ndizi hatafika. Nyanza pia ni wilaya ya kusini mwa Rwanda, lakini Mkenya akiliona jina hilo hufikiria upande wa Kisumu. Katika majina ya namna hii neno “Rwanda” halipaswi kuachwa kwa kisingizio cha kubana nafasi, hata kama kila msomaji wa Kigali angeliona kuwa ni la bure.

Kisha kuna moto. Jijini Kigali, moto ni pikipiki ya abiria, na anayeiendesha ni motari. Kichwa “Moto zapigwa marufuku katika barabara hii” kinaeleweka Nyabugogo, kwa kuwa kiambishi cha wingi kinasaidia. “Ajali ya moto Kigali” haisaidiwi na chochote. Nusu ya wasomaji watadhani jengo limeteketea. Wakenya na Watanzania husema bodaboda, na neno “pikipiki” halimpotezi mtu yeyote, ndiyo sababu ni chaguo salama katika kichwa, hata kama ndani ya habari waliohojiwa watasema moto na motari kama walivyozoea. Umuganda ni kisa tofauti, kwa sababu hauna jina jingine: ni kazi ya jamii ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na kuufasiri kwa “kazi ya kujitolea” huficha kwamba ni wajibu kwa walio na miaka 18 hadi 65. Neno lenyewe hubaki, nalo hufuatiwa na maelezo mafupi: “Umuganda, kazi ya jamii ya kila mwezi Rwanda”. Anayelijua atalitafuta kwa jina. Asiyelijua atalielewa kwa maelezo.

Anayetaka kujua watu huandika nini hana haja ya kubahatisha. Orodha ya maneno katika Search Console humwonyesha, pamoja na nchi walikotoka watafutaji. Ukurasa wenye kichwa “Rubavu” unaoonekana mara nyingi kwa neno “Gisenyi” bila kufunguliwa tayari umejieleza.

Mipaka

Kumfuata mtafutaji kuna mwisho wake. Mwaka 1994 mwanasaikolojia wa uchumi George Loewenstein alieleza udadisi kama pengo kati ya lile mtu analolijua na lile anatakalo kulijua. Vichwa vya aina ya “Hutaamini kilichotokea Nyabugogo” hulichimba pengo hilo makusudi. Hufanya kazi, kwa mara ya kwanza. Agosti 2014 Facebook ilitangaza kwamba itavishusha katika kurasa zake, na mwongozo wa Google kwa habari zinazopendekezwa kwa wasomaji huonya dhidi ya vichwa vinavyoficha jambo la msingi. Nchini Rwanda kuna pia Sheria Na. 60/2018 ya tarehe 22 Agosti 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni, inayoadhibu kusambaza uvumi kwa njia ya kompyuta. Kichwa chenye alama ya kuuliza kinachodokeza jambo ambalo habari yenyewe hailisemi ni uvumi, kwa maana ya kawaida ya neno hilo.

Upo mgongano mwingine usiosemwa sana. Kichwa kinachojibu swali kikamilifu chaweza kushusha kiwango cha ubofyaji. Aliyetaka kujua kama mlipuko umekwisha, akasoma “Marburg Rwanda: mlipuko watangazwa kumalizika”, hana lazima ya kufungua. Tovuti inayoishi kwa matangazo ya biashara itaona hasara. Shirika la utangazaji la umma halina budi kukubali kwamba mtu huyo amehudumiwa, ingawa hakuna hesabu itakayomwonyesha, na kwamba kuondoa neno “kumalizika” ili abofye ni kumnyang’anya jibu alilokuwa nalo mkononi.

Mahali ambapo maneno ya mtafutaji hayafuatwi kabisa ni katika historia ya mwaka 1994. Kila Aprili, kuanzia tarehe 7, nchi inapoingia katika Kwibuka, wapo wanaotafuta kwa Kiswahili “vita vya Rwanda” au “mauaji ya Rwanda”. Kwa hesabu tupu za utafutaji, mhariri angeshawishika kuyaweka maneno hayo mbele. Lakini “vita” hulifanya kosa la kuangamiza watu lionekane kama mapigano ya pande mbili, na “mauaji” peke yake huacha kusema nani aliuawa na kwa sababu gani. Jina linalotumika katika Katiba ya Rwanda ni mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na tarehe 26 Januari 2018 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliiita siku ya kumbukumbu ya tarehe 7 Aprili kwa jina hilo.

Udhuru wa nafasi haupo hapa. “Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi” ni herufi 34. Pamoja na “1994” zinakuwa 39, na zinabaki ishirini za kutaja jambo jipya la mwaka huo, liwe ibada, kesi au kitabu. Likiwekwa mwanzo, jina halikatwi hata katika kioo cha simu ndogo. Maneno ambayo wengine huyatafuta hupata nafasi yao katika aya ya kwanza ya habari, mahali ambapo mtambo wa kutafuta utayasoma, na msomaji aliyeyaandika ataelezwa kwa nini jina ni jingine.